Wanajua biashara vizuri, lakini wakikaa mbele ya jaji wanaganda

“Ninafundisha masomo ya biashara sekondari, na nimepewa wanafunzi wanane niwaandae kwa mashindano ya igizo dhima. Mwanafunzi anapewa kisa kwenye karatasi, anajiandaa dakika chache, kisha anaingia kwa jaji ambaye amevaa uhusika wa meneja au mteja. Mwaka jana nilijitahidi sana. Niliwaandikia utangulizi na hitimisho wakavikariri, nikawapa orodha ndefu ya istilahi za masoko na fedha. Mtihani wa maandishi waliufanya vizuri, lakini kwa jaji wakaanguka. Mmoja alimaliza maneno yake ndani ya dakika tatu akabaki kimya. Mwingine kila alipoulizwa swali aliinamia karatasi yake akaanza kusoma upya. Msichana wangu mwenye uelewa kuliko wote ni mpole na sauti yake haitoki, na walimu wenzangu wananishauri nimwache, nimpeleke mvulana mchangamfu. Nimebakiwa na wiki nane. Nianzie wapi? Na huyu msichana nimwache kweli?”

Mwalimu mwenzangu, barua yako ina maswali mawili, ingawa nadhani linalokunyima usingizi ni la tatu ambalo hukuliandika: kwamba labda wewe ndiye uliyewaangusha. Nitalijibu hilo kwanza ili tuendelee kwa amani. Uliwafundisha maarifa wakayashika, na mtihani ulithibitisha. Ulichowapa kisichofaa ni kile kipande kidogo ulichokiona kama msaada, yaani utangulizi na hitimisho vya kukariri. Kosa hilo hufanywa na karibu kila anayeanza kazi hii, na mimi nililifanya kwa misimu kadhaa kabla sijaketi upande wa pili wa meza nikiwa jaji. Ukiwa jaji kwa siku moja tu, unajifunza mambo ambayo miaka mitano ya kuwaandaa wanafunzi haikukufundisha.

Siku ile kisa kilisema hivi: mshiriki ni mfanyakazi wa hoteli, mimi ni meneja wake wa kila siku. Akaingia kijana nadhifu, akanipa mkono, akasema kwa ufasaha, “Asante sana kwa kunipa fursa hii ya kuizungumzia kampuni yako.” Kampuni yangu? Sisi sote wawili tunafanya kazi hapo! Alikuwa amekariri utangulizi wa mtu anayekuja kuuza huduma kutoka nje, na kisa cha siku hiyo kilimhitaji mtu wa ndani. Tangu sentensi ile ya kwanza nilijua kwamba hakukisoma kisa, alitafuta tu mahali pa kubandika hotuba yake. Alijitahidi mpaka mwisho, lakini tayari alikuwa anazungumza na mtu ambaye hayupo chumbani.

Ndiyo maana nakuomba ufute neno “hotuba” kabisa mnapofanya mazoezi. Igizo dhima la biashara ni kikao. Kuna mtu mwenye shida, anayo nafasi yake kazini, ana mambo anayoyaogopa, na amekuita wewe kwa sababu anategemea kwamba una mchango. Mwanafunzi akielewa hivyo, hata namna anavyokaa kwenye kiti hubadilika.

Sasa tuingie kwenye alama, kwa sababu walimu wengi hufundisha kwa kukisia kile jaji anachotafuta, hali kwa kawaida kimeandikwa wazi. Chukua mfano wa DECA, chama cha wanafunzi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1946, ambacho mfumo wake umeigwa na kurekebishwa na mashindano mengi. Kwenye igizo la mtu mmoja, mshiriki hupewa dakika 10 za kujiandaa na hadi dakika 10 za kukaa na jaji. Kwenye igizo la timu ya watu wawili, ni dakika 30 za kujiandaa na 15 za kuzungumza. Karatasi ya kisa huja na viashiria vya utendaji, yaani mambo mahususi ambayo mshiriki anapaswa kuyaonyesha: vitano kwa mshiriki wa pekee, saba kwa timu, na vinne kwa wanaoanza. Viashiria hivyo ndivyo hubeba takriban alama 70 kati ya 100. Kinachobaki hugawanywa kwa uwezo wa kufikiri, kueleza, ubunifu, na jinsi mshiriki alivyoonekana kwa ujumla.

Hebu isome tena hesabu hiyo ukimfikiria yule mvulana mchangamfu. Uchangamfu wake wote unagombea sehemu ndogo ya alama. Akizungumza kwa mbwembwe dakika tisa na kugusa viashiria viwili tu, binti mpole aliyevigusa vyote vitano kwa sauti ya kawaida atamwacha mbali. Kanuni za mashindano yenu zinaweza kutofautiana na hizi kwa dakika na kwa idadi, kwa hiyo pata fomu ya alama ya waandaaji wenu, uichapishe, na umpe kila mwanafunzi nakala leo hii. Najua walimu wanaoificha kama siri ya mtihani, na sijawahi kuelewa kwa nini.

Tuje kwenye kuganda kwenyewe. Umesema mtihani wa maandishi wanaufanya vizuri, kwa jaji wanaanguka. Wahenga walishasema jogoo wa shamba hawiki mjini, na mwaka 1965 mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza sababu yake kwa namna inayotusaidia hasa sisi tunaowaandaa vijana. Alikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwa zikipingana na kuonyesha kwamba kutazamwa na watu humwamsha mtu mwili na akili, na mwamko huo hukuza lile lililokwisha kuzoeleka. Jambo ulilolizoea sana, ukitazamwa, unalifanya vizuri zaidi. Jambo jipya ambalo bado unalitafuta kichwani, ukitazamwa, linakuvurugikia.

Jiulize sasa, wanafunzi wako walikuwa wamezoea nini? Walizoea kutamka utangulizi. Hawakuzoea kusoma kisa kigeni, kufanya uamuzi, na kuutetea mbele ya mtu wasiyemjua. Kwa hiyo walipotazamwa, lililozoeleka lilitoka vizuri kwa sekunde arobaini, kisha likaja lisilozoeleka wakazama. Yule aliyekuwa anarudi kwenye karatasi hakuwa mvivu wala mwoga. Akili yake ilikuwa imebeba vitu vingi mno kwa wakati mmoja: maneno aliyokariri, istilahi, swali jipya, na uso wa jaji. Uwezo wa kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi ni mdogo kwa binadamu wote. Watafiti wa kumbukumbu huzungumzia mambo manne hivi, au saba ukiwa na bahati. Maneno ya kukariri hula nafasi hiyo yote, na kufikiri kunakosa mahali pa kukaa.

Dawa yake, basi, ni kukizoesha kile kitu chenyewe chote: kisa kigeni, saa inayokimbia, uamuzi, mtu mgeni, swali la ghafla. Mara nyingi, tena kwa vipande vidogo.

Anza na zile dakika kumi za maandalizi, maana huko ndiko mtu huyashinda mashindano au huyapoteza, na ndiko walimu hatufundishi. Tunawaambia “jiandaeni,” tunaondoka. Mwanafunzi asiye na utaratibu hutumia dakika sita kusoma kisa mara tatu, na nne kuandika sentensi nzuri za kufungulia. Mfundishe hivi. Asome mara moja kwa utulivu akiwa na kalamu mkononi, akijibu mambo matatu pembeni mwa karatasi: mimi ni nani hapa, huyu ninayekutana naye ni nani, na anataka atoke kwenye kikao hiki na nini. Halafu aende moja kwa moja kwenye viashiria na kila kimoja akiandikie maneno mawili au matatu, asiandike sentensi. Halafu achague pendekezo moja kuu. Hapo zimebaki kama dakika tatu, za kutafuta hesabu au mfano wa kulishikilia pendekezo hilo na kuwaza swali ambalo meneja mwenye akili angeuliza. Sentensi ya ufunguzi inakuja mwisho kabisa, na mara nyingi haihitaji hata kuandikwa.

Nikuonyeshe kwa kisa, kwa sababu maelezo matupu hayashiki. Tuseme karatasi inasema: wewe ni meneja msaidizi wa duka la vifaa vya michezo. Mshindani amefungua duka jirani miezi mitatu iliyopita, na mauzo ya viatu vya kukimbia yameshuka kwa asilimia 15. Meneja wako anafikiria kupunguza bei ya viatu vyote kwa asilimia 20 na ameomba ushauri wako. Viashiria ni vitano: kueleza mambo yanayoathiri uamuzi wa bei, kujitofautisha na washindani, mchango wa huduma kwa wateja katika mauzo, kupendekeza shughuli za kukuza mauzo, na kueleza jinsi ya kupima matokeo.

Mwanafunzi aliyekariri ataingia na kusema, “Kiashiria cha kwanza, bei huathiriwa na gharama, mahitaji na ushindani. Kiashiria cha pili...” Maarifa yapo, alama zitapatikana chache, na jaji ataanza kuangalia saa. Amejibu swali la mtihani, na meneja mwenye shida yake bado yuko pale pale.

Mwanafunzi aliyezoea kikao ataanza na lile linalomuumiza meneja. “Bosi, nimelifikiria wazo lako la kupunguza bei, na kabla hatujaamua ningependa tuangalie hesabu pamoja. Tuseme kiatu tunakinunua kwa 60 na kukiuza kwa 100, kinatuachia 40. Tukipunguza asilimia 20 tutauza kwa 80, na kitatuachia 20. Maana yake lazima tuuze jozi mara mbili ya tunazouza sasa ndipo tupate faida ghafi ile ile. Sidhani kama punguzo peke yake litatuletea wateja mara mbili, na mshindani naye akishusha tutakuwa tumeumia sote.” Kwa pumzi moja amegusa gharama, mahitaji na ushindani, na kiashiria cha kwanza kimekwisha bila kutajwa jina. Kisha anapendekeza: mfanyakazi mmoja afundishwe kuwasaidia wakimbiaji kuchagua kiatu kinachofaa mguu na mwendo wao, jambo ambalo duka jirani halifanyi. Hapo ameingia viashiria viwili, kujitofautisha na huduma. Duka liandae mbio fupi za asubuhi kila mwisho wa wiki, na atakayeshiriki apewe punguzo kwa bidhaa ndogo kama soksi, zenye faida kubwa zaidi: huko ni kukuza mauzo. Mwisho, “Tujipe wiki sita. Tuhesabu jozi zinazouzwa kila wiki, tuhesabu wangapi waliopimwa mguu walinunua, na tukiona mauzo hayajapanda angalau nusu ya tulichopoteza, turudi kwenye wazo lako la bei kwa aina mbili tatu tu za viatu.”

Ona jinsi alivyomwachia meneja heshima yake. Hakumwambia amekosea. Alilichukua wazo lake, akalipima, na mwisho akaliwekea mlango wa kurudi. Majaji wengi ni watu wa biashara waliojitolea siku yao, na wanatambua mara moja kijana ambaye wangependa kumwajiri.

Kuna dhana nyingine ningependa tuiondoe hapa hapa: kwamba kisa kina jibu moja sahihi ambalo jaji amelificha. Kwa kisa hicho hicho, mwanafunzi mwingine angeweza kutetea kupunguza bei kwa viatu vya msimu uliopita ili kufungua nafasi ghalani na kurudisha fedha zilizolala, na akapata alama za juu. Jaji hupima kama uamuzi umefuata hoja na kama hoja imefuata kisa. Wanafunzi wenye akili sana huteseka hapa kuliko wengine, kwa sababu shuleni wamezoea jibu lililo nyuma ya kitabu. Nimewaona wakitumia dakika nzima wakipima njia mbili na kumwachia meneja achague. Wafundishe kuchagua, hata kama wana wasiwasi. Meneja hakukuita umrudishie swali lake.

Kuhusu maswali ya jaji. Kwenye mashindano ya aina hii jaji huwa na maswali yaliyoandaliwa ambayo humwuliza kila mshiriki, na anaweza kuongeza yanayotokana na mazungumzo. Hayalengi kumtega mtu. Kwa kawaida hugusa pembe ambayo kisa hakikuisema: itakuwaje wafanyakazi wakikataa, itakuwaje bajeti ikikatwa nusu, utamwelezaje mteja aliyekasirika. Mfundishe mwanafunzi afanye mambo mawili tu swali likija. Kwanza anyamaze sekunde mbili. Kwake zitakuwa ndefu kama mwaka, kwa jaji zinaonekana kama kufikiri. Pili, ajibu kwa sentensi moja iliyonyooka kabla ya maelezo: “Ningeanza na wafanyakazi wa zamani,” kisha aeleze kwa nini. Anayeanza na maelezo hupotea njiani akasahau kujibu.

Na asiogope kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwanafunzi anayemwuliza meneja mapema, “Je, kuna kikomo cha fedha ninachopaswa kukizingatia?” amegeuza hotuba kuwa mazungumzo kwa sentensi moja. Jaji anaweza kumjibu kwamba atumie busara yake, si neno. Ila swali liwe moja, mawili kwa wingi. Kuna waliofundishwa mbinu hii wakageuka wapelelezi.

Yule aliyemaliza kwa dakika tatu akanyamaza ana tatizo jingine kabisa, na dawa yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Mara nyingi mwanafunzi wa namna hiyo ametaja mapendekezo bila kueleza yatatekelezwaje. “Tutatumia mitandao ya kijamii.” Halafu? Nani ataandika, atawaonyesha nini, mara ngapi kwa wiki, mteja akiuliza bei atajibiwa na nani, itagharimu nini? Mzoeshe kujiuliza nani, lini, kwa gharama gani, na tutajuaje imefanikiwa, kwa kila pendekezo. Mapendekezo mawili yaliyotembezwa hivyo hujaza dakika nane bila kuvuta maneno. Mapendekezo sita yasiyo na miguu humalizika kwa tatu.

Sasa wiki nane. Sitakupangia ratiba ya jedwali kwa sababu sijawaona wanafunzi wako, ila nitakwambia uzito ungeuweka wapi. Wiki mbili za kwanza msiigize kabisa. Leta kisa kipya kila mnapokutana, toa dakika kumi, kisha kila mmoja aonyeshe karatasi yake ya maandalizi tu. Mnazilinganisha mezani: nani amepata nafasi ya meneja sawasawa, nani amesahau kiashiria cha nne, nani ana uamuzi. Mtacheka sana, na watajifunza kwa wenzao kuliko kwako. Kuanzia wiki ya tatu waketi wawili wawili, mmoja jaji na mmoja mshiriki, wakipokezana, na anayekuwa jaji ajaze fomu ya alama kwa kalamu. Hili la kuwafanya majaji usilipuuze. Mwanafunzi aliyewahi kumsikiliza mwenzake akizunguka dakika nne bila kufika popote harudii kosa hilo.

Vipindi vifupi vya mara kwa mara vinashinda Jumamosi nzima ya kuchoshana. Dakika arobaini mara tatu kwa wiki zinatosha. Visa vya miaka iliyopita vikipatikana kwa waandaaji, vitumie, ila vikikuishia viandike mwenyewe: biashara yoyote unayoijua, shida moja ya kweli, na viashiria vinne au vitano kutoka kwenye silabasi. Baada ya visa kumi hivi, wape wanafunzi waandike vya kwao. Anayejua kutunga kisa huona haraka kile mtungaji mwingine alichokificha.

Kuanzia wiki ya tano wewe toka kwenye kiti cha jaji. Wamekuzoea, sura yako haiwatishi tena, na kumbuka ya jogoo wa shamba. Tafuta watu wasiowajua: mwenye duka, karani wa benki, mzazi anayesimamia hoteli, hata mwalimu wa shule nyingine. Hawahitaji utaalamu wa mashindano, wape kisa na fomu, wakae kimya na kuuliza maswali mawili. Najua kuwapata ni kazi, na kama utapata mara mbili tu katika wiki nne, itoshe. Kurekodi video kwa simu ni njia ya pili, nzuri kwa anayecheza na kalamu au kusema “yaani” kila sentensi, lakini haifiki uzito wa jicho la mgeni. Na kwa mwanafunzi mwenye haya sana, video ya mapema inaweza kumkomoa badala ya kumsaidia. Msubiri aombe mwenyewe.

Unapomrekebisha, mrekebishe jambo moja kwa zamu moja, baada ya kumaliza. Nilikuwa na tabia ya kukatiza katikati, “Hapana, hapo ungesema hivi.” Nilidhani ninaokoa muda. Nilikuwa ninawafundisha kwamba kuna mtu atawaokoa wakikwama, na siku ya mashindano mtu huyo hayupo. Mwache akwame. Mwache ajitoe. Dakika ile ya kukwama na kujitoa ndiyo zoezi lenyewe.

Hofu ya kawaida haiondoki, wala usiwaahidi kwamba itaondoka. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa mwaka 2014 ninaopenda kuwasimulia vijana: watu walioambiwa wajisemee kwamba wamesisimka, kabla ya kuimba au kuhutubia mbele ya wengine, au kufanya mtihani wa hesabu, walifanya vizuri kuliko walioambiwa watulie. Moyo unaodunda kwa woga na unaodunda kwa hamu hudunda vile vile, na ni rahisi kuupa jina jipya kuliko kuuzima. Kwa hiyo mlangoni usimwambie “tulia.” Mwambie anayekungoja ndani ana shida na wewe una la kumwambia.

Tuje kwa binti yako. Usimwache, na sisemi hivyo kwa huruma. Kwa fomu ile tuliyoiangalia, yeye ndiye mwenye mtaji mkubwa zaidi: anaelewa, na kumfundisha anayeelewa atoe sauti huchukua wiki chache, wakati kumfundisha anayetoa sauti aelewe masoko na fedha huchukua mihula. Anza naye kwenye igizo la watu wawili kama mashindano yenu yanalo, kwa sababu kuwa na mwenzi hugawa macho ya jaji. Hata yule mvulana mchangamfu anaweza kuwa mwenzi mzuri sana, mradi wagawane kazi mapema na kila mmoja azungumze kwa uzito ulio sawa. Timu ambayo mmoja anaongea na mwingine anatikisa kichwa hupoteza alama, na binti mpole hujificha humo kwa furaha. Kuhusu sauti, mweke jaji wa mazoezi mita tatu mbali naye siku ya kwanza, kisha nne, kisha chumba kikubwa. Sauti hufuata umbali bila kuambiwa “paza sauti,” maneno ambayo huwafanya wapole wanyamaze kabisa. Na upole wenyewe usiutibu. Nimewahi kutoa alama za juu kwa binti aliyezungumza taratibu, akaniangalia, akasikiliza swali langu mpaka mwisho. Nilihisi kweli nina mfanyakazi mbele yangu.

Ila kuna mstari ambao mimi kwa barua, na wewe darasani, hatupaswi kuuvuka. Kutetemeka mikono na kukauka mdomo ni kawaida. Kutapika kila siku ya mazoezi, kukosa usingizi kwa siku nyingi, kushindwa kupumua, au kuanza kukwepa shule kwa sababu ya igizo, hayo si ya kutibiwa kwa mazoezi zaidi. Mwone yeye na mzazi wake ana kwa ana, mpeleke kwa mshauri wa shule au mtaalamu wa afya ya akili, na mwondoe kwenye orodha bila kumlaumu kama ndivyo inavyofaa. Ikiwa sauti haitoki kwa sababu ya kigugumizi, au anaona vigumu kusoma haraka, huo si upole: mtaalamu wa tiba ya usemi au wa elimu maalumu ndiye wa kumwona, na waandaaji waandikieni sasa hivi kuuliza utaratibu wao wa muda wa ziada au msaada mwingine. Maombi ya namna hiyo hayapokelewi asubuhi ya mashindano.

Na umwulize mwenyewe kama anataka kwenda. Kwenye barua yako nimesoma maoni yako na ya walimu wenzako. La kwake sikuliona.